Kamionete ya Yaya: shajara ya kuhamisha tuyo ya reniflari (bomba la kupumulia injini)

Jumamosi, tarehe 7 mwezi wa sita. Kilomita 284,310

Yaya, dada yangu mkubwa, ameniletea kamionete yake asubuhi, nyuma bado kumejaa magamba ya samaki. Mara mbili kwa mwezi anakwenda Kasenga kufuata samaki wa mto Luapula, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa Lubumbashi, vumbi tupu wakati huu wa kiangazi, na anarudi amejaza mpaka juu. Akaniambia, "Mudogo wangu, kichwa inaniuma kila safari. Ile moshi inaingia tu ndani." Shofere wake akaongeza la kwake: kila wakirudi anatia lita nzima ya oili, ilhali chini ya moteri (injini) hakuna hata tone.

Oili isiyodondoka chini imepita juu. Moteri yenyewe ni ya mazutu (dizeli), lita 3, silinda 4, ina turbo, lile pangaboi la kuisukumia moteri hewa, na intakula, kile kipoza hewa kilicholala juu ya moteri chini ya kapo (boneti). Nilifungua bomba linalotoka kwenye turbo, nikaingiza kidole, kikatoka cheusi mpaka kwenye kifundo. Nikaiteremsha intakula yenyewe, nikaiinamisha juu ya kopo. Ilichukua muda kuanza, halafu ikaja taratibu kama asali ya baridi: karibu kikombe kizima cha chai. Utando mwembamba wa oili ndani ya mabomba hayo ni kitu cha kawaida kwa moteri ya turbo. Kikombe si kawaida.

Kila pistoni inaposukumwa na mwako, gesi kidogo inapenya kando ya segimenti (ringi za pistoni) na kuingia chini, kwenye karteri, beseni la oili. Huko inakutana na oili ya moto inayorushwa na vilebrekeni (kombo inayozungushwa na pistoni), inabeba ukungu wake, na lazima ipate pa kutokea. Isipopata, shinikizo linapanda na kusukuma nje mipira ya spi, ile inayozuia oili isivuje. Kwa hiyo watengenezaji waliweka tuyo ya reniflari, inayotoka kwenye kifuniko cha kulasi (kichwa cha moteri) na kurudisha gesi hiyo kwenye njia ya hewa, kati ya filtri na turbo, ili moteri iivute na kuiunguza tena. Wazo ni zuri. Shida ni kwamba ukungu ukizidi, turbo inakunywa oili, intakula inajaa, na mahali ule ukungu unapokutana na masizi yanayorudishwa kutoka ekzosi panatokea tope gumu kama lami.

Mpango ni kuhamisha njia hiyo: gesi ipite kwanza mahali pa kuacha oili yake kabla ya kufika turbo.

Jumanne, tarehe 10

Sigusi tuyo kabla ya kupima. Nimepigilia kwenye ubao tuyo nyembamba ya plastiki inayoonyesha ndani, nimeikunja chini kama herufi U, na katikati nimepigilia rula ya shule ya mtoto wangu. Ndani nimeweka chai ya rangi, maana maji matupu hayaonekani vizuri juani. Upande mmoja uko wazi hewani, wa pili unaungwa na moteri. Chai ikipanda upande wa wazi, karteri ina shinikizo. Ikivutwa upande wa moteri, karteri inanyonywa. Tofauti ya sentimita moja ni karibu milibari moja.

Nilikuwa karibu kuiunga kwenye mrija wa kijiti cha kupimia oili, kwa sababu ndiyo njia ya mkato. Lakini katika baadhi ya moteri ncha ya mrija huo imezama ndani ya oili, na hapo kipimo kinadanganya. Nimetafuta kifuniko cha zamani cha kujazia oili, nimekitoboa na kukitia nipeli, kimrija cha kuungia tuyo. Hicho ndicho kifuniko changu cha kazi sasa, na kimeandikwa kwa rangi nyeupe ili mtu asiondoke nacho barabarani.

Moteri ya moto, taratibu (bila kukanyaga mafuta): chai imepanda sentimita 3. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika: sentimita 8. Katika mpangilio huu, turbo ikivuta kupitia reniflari, nilitegemea sifuri au mvuto mdogo. Nimeandika namba hizo ukutani kwa kipande cha makaa.

Jumamosi, tarehe 14. Kilomita 284,352

Mzee wa garaji jirani, mtu ninayemheshimu sana, alikuja kuangalia. "Mwanangu, unajisumbua bure. Teremsha ile tuyo mpaka pa shasi, kama malori ya zamani. Gesi iende njia yake." Ni kweli malori ya zamani yalikuwa hivyo: mrija wazi ukining'inia chini, upepo wa mwendo ukivuta gesi nje. Sikupenda kumkatalia bila kujaribu, na jaribio lenyewe ni la saa moja. Niliziba tundu la upande wa turbo kwa kizibo na kolye (kibano), nikateremsha tuyo nyuma ya boksi ya gia, tukaenda Kipushi na kurudi, kama kilomita 60.

Tulipokuwa tunakwenda, hakukuwa na harufu. Tulipokwama nyuma ya msururu wa malori, moshi wa buluu ulipanda pembeni ya mlango na kuingia ndani moja kwa moja, mbaya kuliko mwanzo. Tuliporudi, boksi ya gia upande wa nyuma ilikuwa imepakwa tope jekundu: oili imeshika udongo wetu wa Katanga kama plasta ya nyumba. Na ubao wa chai ulisema taratibu 4, kwa mizunguko 3,000 sentimita 11, maana sasa hakuna kinachovuta.

Tena mvua zikianza, njia ya Kasenga inakuwa na madimbwi ya kufika kwenye shasi. Ncha ikizama majini, moteri haina pa kupumulia. Na ukizima moteri ya moto papo hapo, ikipoa inavuta maji. Na kuna jambo la watu. Barabara ya kwetu Katuba ina akina mama wanaochoma mahindi, na magari yanasimama hatua mbili kutoka kwao. Huko California walilazimisha magari mapya kurudisha gesi hii ndani ya moteri tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu hewa ya miji yao ilikuwa imechafuka. Mimi sina wa kunilazimisha, lakini sitaki kumpelekea yule mama kile nilichomwondolea dada yangu.

Nimemweleza mzee kwa heshima, nikamwonyesha ubao. Aliitazama chai muda mrefu, akasema, "Basi fanya yako."

Jumamosi, tarehe 21

Siku nzima mtaa wa Kamalondo kwa sudere, mchomelea vyuma. Nitaeleza chombo cha kukamata oili kwa urefu, kwa sababu vingi nilivyoviona kwenye magari mengine ni makopo matupu yenye matundu mawili, na kopo tupu halikamati chochote: ukungu unaingia huku na kutokea kule bila kugusa ukuta.

Tulikata kipande cha bomba la chuma, upana sentimita 10, urefu 20, tukaziba juu na chini. Kinabeba lita moja na nusu. Mlango wa kuingilia uko pembeni, karibu katikati, na umechomelewa kwa kuegemea ukuta ili gesi ikiingia izunguke. Matone mazito yanarushwa kwenye ukuta na kutelemka. Juu yake kuna bati lenye matundu madogo, sudere alilitoboa moja moja kwa drili, 40 na kitu. Juu ya bati nimeshindilia kidogo nyuzi za inoksi (chuma kisichoshika kutu) za kusugulia sufuria, halafu bati la pili lenye matundu, limechomelewa kabisa. Mlango wa kutokea uko juu kabisa. Chini kuna robine (bilula) ndogo ya shaba.

Lile bati la pili nililidai, ingawa sudere aliona ni kazi ya ziada. Nyuzi zikikatika bila kizuizi zinakwenda turbo, na pangaboi la turbo linazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Kwa sababu hiyo hiyo nilikataa zile nyuzi laini za chuma alizonionyesha. Zinashika kutu na kuvunjika kama majani makavu. Baada ya kuchomelea nilikiosha chombo kwa mazutu mara tatu na kukigonga kwa nyundo ya mpira, na kila mara zilitoka chembe za sodiri. Mara ya nne hakikutoa kitu.

Na ukubwa wa chombo si wa kujivunia. Kikijaa na gari likainama mlimani, turbo inaweza kukunywa yote kwa mkupuo. Moteri ya mazutu haihitaji cheche. Ikipata oili hewani inaunguza oili hiyo, na ukizima ufunguo haisikii, kwa sababu haili tena mazutu ya tangi. Niliona hivyo mara moja nikiwa mwanafunzi wa garaji. Moteri ilipanda sauti yenyewe mpaka watu wakakimbia, na ilinyamaza biela, mkono wa pistoni, ilipotoboa bloku. Dawa ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao, au gari likiwa la gia za mkono, kuingiza gia kubwa, kukanyaga breki kwa nguvu zote na kuachia klachi. Shofere wa Yaya nimemfundisha hayo mawili, na amenirudishia maneno mpaka nikaridhika. Ubao nimeuweka chini ya kiti chake.

Tuyo: nilinunua soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mita mbili, upana wa ndani milimita 16. Ya zamani ilikuwa 19. Muuzaji alisema haina tofauti.

Alhamisi, tarehe 26. Kilomita 284,640

Ina tofauti. Na si upana peke yake.

Shofere alikwenda Kasumbalesa na kurudi na magunia ya unga, kama kilomita 180. Nilipofungua kapo, tuyo ilikuwa imevimba na kulegea kama utumbo. Niliibonyeza kwa vidole viwili ikabaki na alama. Ile ni tuyo ya maji. Mpira wa maji ya radiateri hauwezi oili, unainywa na kuoza. Pale inapopinda karibu na ukuta wa kabini ilikuwa imejibana, ikabaki njia ya kupitisha kalamu tu. Ubao: taratibu 6, kwa mizunguko 3,000 sentimita 15. Kifuniko cha kulasi kimeanza kutoka jasho la oili upande wa nyuma. Nilitaka kuisaidia moteri kupumua, nikaikaba koo.

Halafu nikafungua robine. Mililita 280 za oili, nyeusi, na juu yake povu la rangi ya uji. Povu halikunitisha. Lita moja ya mazutu ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji; mengi yanatoka kwa ekzosi kama mvuke, lakini machache yanapita kwenye segimenti, na asubuhi za mwezi wa sita hapa Lubumbashi zina baridi ya kutosha kuyageuza matone ndani ya tuyo. Oili ndiyo iliyonitia wasiwasi: mililita 280 kwa safari ya siku moja, katika chombo kinachofanya kazi yake vizuri.

Chombo kimenionyesha kitu ambacho tuyo ya zamani ilikuwa inakificha ndani ya intakula. Hii moteri inapuliza kupita kiasi. Nikiendelea kupanua tuyo bila kuuliza gesi inatoka wapi, nitakuwa nafuta jasho la mgonjwa.

Nimempigia Yaya simu kwamba gari halitoki. Hakufurahi, samaki hawangoji. Amekodi gari la jirani kwa safari hii.

Jumatatu, tarehe 30

Sikukuu ya uhuru, mji umetulia, garaji ni yangu peke yangu na kijana mmoja ninayemfundisha. Tumetoa buji (plagi) za kupasha joto na kupima mgandamizo silinda moja moja. Ya kwanza bari 27, ya pili 26, ya tatu 19, ya nne 27.

Niliogopa segimenti za silinda ya tatu. Kumimina oili kidogo juu ya pistoni na kupima tena hakukubadilisha namba, basi nikageukia injekteri, vile vinyunyizio vya mazutu. Kabla ya kulegeza bomba lolote la mazutu tulimwaga maji sakafuni na kulowesha uwanja mzima mpaka mlangoni, kwa sababu chembe moja ya vumbi ndani ya mfumo huu ni kifo cha injekteri. Kila mdomo uliofunguliwa tuliufunga kwa plastiki safi. Kila injekteri tuliipaka namba ya silinda yake. Moteri hizi zina kompyuta inayojua tabia ya kila injekteri mahali pake, na ukizichanganya inatetemeka.

Ya kwanza ilitoka kwa mkono. Ya tatu ilikataa, tuliizungusha kidogo kidogo kwa nusu saa. Ilipotoka, kijana alinyamaza. Shingo yake yote ilikuwa imevaa kola ya masizi magumu, meusi yanayong'aa, na rondeli (pete bapa) ya shaba chini yake ilikuwa na mfereji mwembamba uliochimbwa na moto, kama mkwaruzo wa ukucha. Hapo ndipo gesi ilikuwa inatokea. Haikupita kwenye segimenti hata kidogo: ilipenya chini ya injekteri, ikaingia moja kwa moja chini ya kifuniko cha kulasi, ikachanganyika na oili na kutafuta mlango kwa reniflari. Harufu iliyomuumiza Yaya kichwa ilikuwa ya mwako mbichi.

Ubaya wa kuvuja huku si harufu. Masizi hayo yanaanguka ndani ya oili na kuteremka mpaka karteri, na karteri ina krepini, ule wavu ambao pampu inavutia oili. Tulishusha karteri saa kumi jioni. Nusu ya wavu ilikuwa imezibwa na punje nyeusi kama mbegu za mchicha. Kwa safari ngapi zaidi za Kasenga moteri ingeendelea kupata oili, sitaki kukisia. Nilikaa chini kidogo.

Jumamosi, tarehe 5 mwezi wa saba

Rondeli mpya nne, zote, hata za silinda zilizo nzima. Rondeli ya shaba inatumika mara moja tu: ikishabanwa imekwisha kuchukua umbo la pale ilipokuwa. Viti vyake tulivisafisha kwa kisu cha kuzungusha tulichoazima, tukiwa tumeziba tundu la chini kwa kitambaa chenye grisi ili unga usiingie kwenye silinda. Taa, kioo cha meno, na subira. Kiti cha tatu kilitaka mizunguko mingi kuliko vingine vyote kwa pamoja. Tukafunga kwa ufunguo wa kupimia nguvu.

Krepini imeoshwa, karteri imeoshwa, oili mpya, filtri mpya. Kijana ataimwaga oili hii baada ya kilomita 1,000, maana masizi mengine yamebaki ndani ya mifereji na yatatoka.

Silinda ya tatu: bari 26.

Ubao, kwa tuyo ya zamani ya 19 iliyosafishwa na bila chombo: taratibu chai haikusogea. Kwa mizunguko 3,000 ilivutwa upande wa moteri, sentimita 2. Nilizima, nikawasha tena, nikapima mara ya pili.

Jumamosi, tarehe 12

Mtu atauliza, kama moteri imepona, chombo cha nini? Nimekirudisha kwa sababu mbili. Barabara ya Kasenga ni mwendo mrefu na mzigo mkubwa, na hata moteri nzima inatoa ukungu. Na robine inamwambia shofere habari mapema kuliko dalili nyingine yoyote. Kama chombo kingekuwepo mwaka jana, krepini isingefika pale ilipofika.

Safari hii tuyo ni ya mpira wa nitrili, ile ya oili, milimita 19 mwanzo hadi mwisho, dola 7 kwa mita. Chombo nimekihamisha. Kwanza nilikuwa nimekiweka karibu na betri, na tuyo ikalazimika kushuka kisha kupanda, maji yakatuama kwenye bonde hilo. Sasa kiko juu, upande wa ukuta wa kabini, mbali na turbo na ekzosi, na tuyo inapanda toka kwenye kifuniko cha kulasi mpaka kwenye chombo bila kushuka popote, ili kinachoganda njiani kirudi chenyewe kwenye moteri. Pale inapopita karibu na chuma nimeivesha kipande cha tuyo kubwa zaidi, isisuguliwe. Kolye zote mpya.

Pamoja na chombo, ubao unasema taratibu 0, kwa mizunguko 3,000 mvuto wa sentimita moja. Chombo kinakula sentimita moja tu ya mvuto. Nimeridhika.

Kinachotoka robine hakirudi kwenye moteri. Kina maji na asidi ndani yake, hata kikionekana kama oili. Seremala wa jirani anakiomba akipake kwenye mbao kuzuia mchwa. Nimempa mara moja na sitampa tena, kwa sababu nimeona watoto wake wakicheza juu ya mbao zile. Nakiweka kwenye pipa pamoja na oili chafu nyingine, na pipa liko kwenye sakafu ya simenti, si karibu na mfereji.

Jumapili, tarehe 20. Kilomita 285,130

Yaya karudi jana usiku kutoka Kasenga. Leo baada ya misa nimekwenda kwake na kopo la kupimia. Nimefungua robine mbele ya shofere ili aone namna ya kufanya: mililita 35, nusu yake maji. Kijiti cha oili kiko mahali pale pale nilipokiacha. Nimefungua bomba la intakula, nikaingiza kidole, kimetoka na unyevu kidogo.

Yaya alikuwa anapanga samaki kwenye mabeseni. Nikamuuliza kuhusu kichwa. Akasema alilala kutoka nusu ya safari mpaka mwisho, jambo ambalo hajalifanya tangu alinunue gari hili.

Kifuniko cha kulasi bado kinatoka jasho kidogo nyuma. Mpira wake nimeagiza. Tutaubadilisha siku ya kumwaga oili, kilomita 285,640.